Wajukuu wamenijaa nyumbani, na harusi bado

SWALI

Mwanangu, assalaam alaykum.

Mkono unaoandika ni wa kijana wa jirani, maneno ni yangu. Nakaa Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Ni nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko uani. Umri wangu miaka 74. Nimezaa watano, wote Mungu kawajaalia watoto, na vitukuu nimeshavipakata.

Tangu Ramadhani nyumba hii haijapoa. Kumi la mwisho walifika wa mwanangu wa kwanza kutoka Dar es Salaam, Idd ikawakuta hapa. Magodoro yao hayajapata jua, binti yangu wa Arusha akapiga simu kwamba Pasaka na sikukuu ya Karume zimefuatana, watoto wanamlilia bibi. Muungano wakaja watoto wa marehemu dada yangu kutoka Mombasa, wamevuka Horohoro na makopo ya halua. Wa Mei Mosi nao wameshatoa taarifa. Wote wanasema wanakuja kumuona bibi, na mimi nafurahi, Mungu ndiye shahidi. Nikisikia kelele zao ukumbini najua sikuzaa bure.

Lakini saa kumi alfajiri mimi ndiye niko uani nakuna nazi, kwa sababu kila mmoja anataka vitumbua vya bibi, na vya kununua wanasema havina ladha. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni mkate wa kumimina. Ramadhani ndiyo usiseme, futari ya watu kumi na tano. Wakiondoka nabaki na mashuka. Nafua, naanika, masika inayarowesha, nayaingiza ndani, nayatoa tena. Goti la kulia limevimba, nakunywa diklofenaki za duka la dawa. Vidonge vya presha wakati wa mfungo nilivihamishia futari na daku, na tangu wageni waingie siku nyingine nakumbuka, siku nyingine nimeshalala. Juzi hospitali wakanipima, 168 kwa 95. Nesi akaniuliza, bibi, kwani unafanya kazi gani?

Katikati ya yote hayo kuna harusi. Anayeolewa ni binti wa huyo mwanangu wa Dar, na kwangu amezidi mjukuu. Mama yake alipokwenda kusoma aliletwa hapa yuko darasa la kwanza, akakaa mpaka akamaliza kidato cha nne. Mimi ndiye niliyemsuka, mimi ndiye niliyemfundisha kuchambua mchele na kufunga kanga. Ananiita mke mwenza, nami namwita hivyo hivyo, na marehemu babu yake tulimgombania mpaka anaingia kaburini.

Barua ya posa ililetwa Dar, ikajibiwa Dar, mahari yakapokelewa Dar. Kamati imeundwa, wanakaa kila Jumapili, ukumbi umelipiwa nusu. Harusi ni Mfunguo Tatu, wiki mbili baada ya Idd ya Kuchinja. Habari hizi nimezipata kwa jirani, kijana wake kaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi, mimi simu yangu ya kitochi. Huko kwenye orodha ya ahadi akaona nimeandikwa: Bibi mzaa baba, laki tatu. Hakuna aliyeniuliza.

Usiku wa Idd mjukuu wangu aliingia chumbani kwangu, akajilaza kitandani kama zamani. Akasema, “Bibi, mimi nataka nitoke hapa. Nikah isomwe hapa, idhini niulizwe ndani ya chumba chako.” Akalia. Nikamwambia Mungu ataleta kheri, sikumwahidi kitu. Mama yake ameshasema nyumba ya Tanga inavuja, watu watakaa wapi. Na kweli inavuja, upande wa uani.

Mwanangu, nami nataka. Nataka sana. Ila nikizifikiria sufuria za pilau, mikeka na wageni wa kulala, goti linanijibu kabla ya moyo. Nikisema, nitaonekana nimeingia kuvuruga mipango ya watu. Nikinyamaza, mtoto wangu ataolewa ukumbini nami nimekalishwa meza ya wazee karibu na spika. Na kuna lingine naona haya hata kulitaja. Wageni wakishaondoka, mlango ukifungwa, nashukuru. Bibi gani huyu anachoshwa na damu yake?

Nipe neno.

Bibi wa Ngamiani

JIBU

Bibi yangu, shikamoo.

Nianze na hilo ulilolionea haya. Hujachoshwa na damu yako. Nimeisoma barua yako nikimtafuta mtoto aliyekukera, sikumuona hata mmoja. Nilichokiona ni nazi za alfajiri, futari ya watu kumi na tano na mashuka yasiyokauka. Kazi hiyo ingemlaza chini mwanamke wa miaka 40. Wanao wanasafiri kutoka mbali kuja kukuona, na wanachoishia kukiona ni mgongo wako umeinamia jiko. Wewe mwenyewe unaishia kuwasikia wakicheka ukumbini. Kwa hiyo mlango ukifungwa ukashukuru, huo ni mwili unaoomba kulala, na haki hiyo unayo. Usijihukumu hata kidogo.

Ila presha sitaipita juu juu. Madaktari huihesabu presha kuwa ya juu inapofika 140 kwa 90, wewe umefika 168 kwa 95, na vidonge unavimeza siku ukikumbuka. Mimi si daktari, lakini jambo moja nalijua na ningependa ulipeleke kwake wiki hii: diklofenaki na ndugu zake hutuliza goti, huku zikipandisha presha na kuipunguzia nguvu dawa ya presha. Unaweza kuwa unatibu goti na kuharibu kichwa. Chukua vidonge vyote unavyotumia, vya hospitali na vya duka, vitie kwenye mfuko mmoja, nenda navyo dirisha la wazee, mwambie daktari ukweli kuhusu siku ulizoruka. Atakupa dawa ya goti inayokufaa na muda wa kurudi kupimwa tena kabla ya Idd ya Kuchinja. Kijana huyu anayekuandikia, Mungu amzidishie, mwombe aitege simu yako ya kitochi ipige kengele saa ya dawa. Simu hizo zina kengele.

Wageni wa Mei Mosi, kama hawajafunga safari, waambie waje na Idd. Sema hivi: daktari amenitaka nipumzike, njooni Mfunguo Tatu tukae vizuri. Hakuna atakayekasirika, na atakayekasirika atapoa. Wale watakaokuja, nyumba yako iwe na utaratibu mpya kuanzia sasa. Mabinti na wakwe zako wapike. Wajukuu waliopita miaka kumi wana mikono, wa kiume na wa kike: wakune nazi, wafue, waanike. Kila familia ije na mashuka yake na irudi nayo. Vitumbua wafundishe. Kaa kwenye kiti uani, mmoja akoroge, mwingine ashike kikaango, wewe uelekeze. Kitumbua cha kwanza kitaungua, cha kumi kitakuwa chako. Hapo wajukuu watapata muda na wewe ambao sasa hivi hawaupati.

Sasa harusi.

Barua yako imechanganya mambo mawili, na ukiyatenganisha mzigo unapungua nusu. Kuna nikah na kuna sherehe. Sherehe ndiyo yenye ukumbi, mapambo, MC, keki na watu mia tatu, na hiyo imeshaanza kulipiwa Dar. Iache huko huko. Nikah yenyewe ni jambo dogo mno kwa ukubwa wake. Inataka walii, ambaye ni mwanao. Inataka mashahidi wawili, idhini ya binti, mahari yaliyotajwa, na sheikh wa kusoma hutuba na kupokea ijabu na kabuli, yaani tamko la kuoza na la kukubali. Nimehudhuria nikah za Tanga zilizosomwa msikitini baada ya Alasiri, watu wakatoka wakapewa halua na kahawa chungu barazani, kabla ya Magharibi kila mtu yuko kwake. Hakuna sufuria la pilau lililobandikwa. Halua ya Mombasa unao watoto wa dada yako, waagize. Kahawa mtafutie muuza kahawa mmoja wa hapo mtaani aje na mabirika yake na vikombe vyake, alipwe.

Wanaume wakiwa msikitini, nyumbani wanabaki wanawake, ukumbi na vyumba vyako sita vinawatosha. Binti yuko chumbani kwako, wanakuja kumuuliza idhini, anajibu. Hicho ndicho alichokuomba akilia. Hakuomba karamu.

Na mvua pia nimeifikiria. Wiki mbili baada ya Idd ya Kuchinja tutakuwa tumeingia Juni, mvua kubwa za masika huwa zimeshalegea, na shule zinafungwa, kwa hiyo wajukuu hawatakosa. Hoja ya mkwe wako ilikuwa ya kweli mwezi wa nne. Mwezi wa sita haina nguvu hiyo.

Lakini hapa, bibi yangu, nitasema kitu ambacho huenda usikipende. Mkwe wako hajakukosea. Ni mama wa bi harusi. Alimwacha mtoto mdogo akaenda kusoma, na huenda harusi hii kubwa ya Dar ndiyo njia yake ya kumwonyesha mwanawe kwamba yupo. Mkaja, ile zawadi ya mama wa bi harusi, ni wake, siku ni yake pia. Ukienda kwa mwanao ukasema nikah ije Tanga, mkwe wako akasikia kwamba bibi na mjukuu walipanga usiku wakiwa kitandani, utakuwa umeshinda nikah na kumpoteza mkwe. Kwa hiyo mjukuu wako aseme mwenyewe, kwa baba yake na mama yake wote wawili, kwa mdomo wake. Amefikia umri wa kuolewa, basi amefikia umri wa kuwaambia wazazi anataka aulizwe idhini wapi. Mpigie, mwambie: mke mwenza, neno lako nimelisikia, nyumba ni yako, lakini mwenye kulisema ni wewe. Akishasema, ndipo wewe upige simu.

Mpigie mwanao kabla ya kikao cha Jumapili, usimpigie baada. Wanakamati wakishaandika jambo kwenye bajeti hulishika kama roho. Usilalamike juu ya kundi la WhatsApp, wala barua ya posa, wala habari kuzipata kwa jirani. Hayo yapo, na yameuma, lakini ukianza nayo atajitetea na mazungumzo yatakwisha hapo. Mwambie: “Mwanangu, ukumbi wenu siugusi. Nina ombi moja. Nikah isomwe msikiti wa hapa mtaani, siku mbili tatu kabla ya sherehe yenu, mtoto atoke mikononi mwangu. Sipiki, silazi wageni wengi, halua na kahawa basi. Na mama yake aje mapema akae na mwanawe humu ndani.” Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau. Mkwe wako awe wa kwanza kuingia chumba hicho, asije akaonekana mgeni.

Mkumbushe pia kuhusu karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Kama taarifa imeshapelekwa Dar, sheikh wa huko na wa Tanga wazungumze mapema kuhusu nani anafungisha na cheti kinaandikwa wapi. Jambo hili halisubiri Idd ipite.

Laki tatu ziondolewe kwenye orodha. Mwambie mwanao kwa upole, lakini aelewe kwamba husemi kwa mzaha: bibi haandikiwi ahadi. Kwa mila zetu za pwani wewe ni mtu wa kupewa. Siku bwana harusi anakuja kumchukua mkewe, mlango wa chumba una mwenyewe, na hafunguliwi mpaka atoe kifungua mlango. Nani mwenye haki ya mlango ule kukuzidi wewe, bibi na mke mwenza? Tia kiti chako mlangoni, kaa, nyoosha goti lako, nyamaza. Wapambe wake wabembeleze, waongeze, watoe tena. Ndiyo kazi yako siku hiyo, na inafanywa umekaa. Watu wazima wa familia yenu wanaijua, vijana wa Dar wataijua siku hiyo.

Kuna kazi ya pili inayofanywa umekaa, na hii kamati haiwezi kuinunua. Mjukuu wako achukue siku kadhaa za likizo yake aje akae ndani kwako kabla ya nikah. Asinge singo, apakwe liwa, apigwe hina mikono na miguu. Wanawake wa mtaa wapo wa kuifanya kazi hiyo, wewe usisugue mtu mgongo. Wewe zungumza naye. Umeishi na mume mpaka kifo kikawatenganisha, unajua ulivyonyamaza pale palipotaka kunyamaza na ulivyosema pale palipotaka kusema. Kwenye sherehe ya kina mama huko Dar atafundishwa sufuria na vyombo vya zawadi, na ni vizuri. Wewe mwambie mengine. Jioni mkae uani na sinia la asumini, yeye akupe maua, wewe ufunge vikuba, chetezo cha udi kiwe kinafuka pembeni. Ukimaliza kimoja mtie nywele zake, anuse. Atakapokuwa na mjukuu wake atamsimulia siku hizo.

Sherehe ya Dar uende, kama daktari atakuruhusu. Usiende na basi la usiku wala usifike siku yenyewe. Ni kilomita kama 350, saa tano sita kwenye kiti, na kwa goti lililovimba ni nyingi. Mwanao atume gari, mshuke Segera, mshuke Chalinze, utembee tembee kidogo, maji unywe, dawa uwe nazo mkobani mwako, zisikae kwenye begi lililofungwa nyuma. Fika siku moja kabla, ulale. Na ile meza ya karibu na spika, mwambie mwanao akuhamishe, kamati ina mtu wa kupanga viti na hilo ni jambo la simu moja. Ukichoka saa tatu usiku, omba upelekwe ukapumzike. Utakuwa umeshamuoza mtoto wako Tanga, hutakuwa umekosa kitu.

Na ikiwa mwanao atakataa? Huenda wameshalipia na msikiti, huenda upande wa bwana harusi hauwezi safari mbili. Basi shikilia zile siku za kukaa ndani, hizo wasikunyime, kisha msafiri pamoja naye kwenda Dar, alale chumba kimoja na wewe usiku wa mwisho, na idhini aulizwe ukiwa umekaa kitandani pembeni yake. Hiyo pia ni kutoka mikononi mwako. Lakini usianze na hili la pili. Omba la kwanza, kwa moyo wote, maana ulivyoniandikia “nataka sana” nimekuamini, na mwanao akikusikia ukilisema hivyo hivyo sidhani kama atakuwa na la kukujibu isipokuwa ndiyo.

Paa la uani lisiwe kisingizio cha mtu. Umesema una watoto watano, na nina hakika wote wanaulizana watatoa nini kwenye harusi. Mwambie mmoja aliyejaaliwa uwezo kwamba mchango wake ni mabati ya upande huo na ujira wa fundi, na fundi apande juu mara mvua ikikata, kabla ya Idd.